Piki ya gitaa: anza na unene, rangi na jina baadaye

Mpiga gitaa wa Mbeya akimuuliza mwenzake anunue piki gani, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, mara nyingi anajibiwa kwa rangi. "Chukua ya kijani, hiyo nyekundu itakusumbua." Ushauri huo una maana kwa aina moja tu ya piki, Tortex za kampuni ya Dunlop, zilizoingia sokoni mwaka 1981. Hizo kila unene una rangi yake: nyekundu ni milimita 0.50, chungwa 0.60, njano 0.73, kijani 0.88, bluu 1.00 na zambarau 1.14. Ukihamia kwenye kikopo cha piki zisizo na jina juu ya kaunta ya duka, iwe Mwanjelwa au Mashine Tatu kule Iringa, kijani ni pambo tu. Utachukua kijani nyepesi leo, na wiki ijayo kijani nene kuliko kucha.

Maneno yanayochapwa juu ya piki nayo si ya kutegemea sana. "Medium" ya kampuni ya Fender ni kama milimita 0.71, mtengenezaji mwingine anaweza kuliandika neno hilohilo kwenye kipande cha 0.80, na mkono utaisikia tofauti hiyo hata kama jicho halioni. Kipimo cha kuaminika ni milimita. Piki isiyo na namba mpelekee fundi wa mashine mwenye venia, kifaa cha kupimia unene, au mpe mwanafunzi wa sekondari anayeingia maabara ya fizikia. Mikromita wanayoanza nayo kidato cha kwanza inasoma hadi sehemu moja ya mia ya milimita, na usahihi huo ndio tunaouhitaji hapa.

Kuna mambo manne ndani ya kipande hiki kidogo: unene, ncha, umbo la jumla na malighafi. Wengi huanza na malighafi kwa sababu ndiyo inayotangazwa sana. Vijana wa kwaya wakiniuliza, huwaambia waanze na unene, wafuate na ncha, malighafi ije ya tatu, na umbo la jumla waviachie vidole viamue. Sababu ya mpangilio huo inaeleweka ukishajua piki inafanya nini hasa.

Piki haipigi uzi

Tunasema "kupiga gitaa", lakini piki haiupigi uzi. Inausukuma pembeni, inauvuta kidogo kutoka mahali pake, kisha inauachia. Sauti inazaliwa pale uzi unapoachiwa. Kabla ya hapo kuna kelele ndogo tu ya plastiki kugusa chuma. Kwa hiyo maswali yote ya piki ni swali moja: uzi unaachiwaje? Unaachiwa mapema au ukiwa umevutwa sana? Unaachiwa kutoka kwenye ncha kali au kwenye ukingo mpana? Unateleza au unakwaruza unapotoka?

Unene unajibu swali la kwanza. Piki nyembamba, tuseme ya 0.46 au 0.50, ikikutana na uzi inapinda yenyewe kabla ya kuusukuma mbali. Uzi unaponyoka ukiwa umesogea kidogo tu, na piki inarudi kwa kishindo chepesi, ile "chak" unayoisikia mtu anapokung'uta kordi kwenye gitaa kavu, lile lisilo la umeme. Kwa ridhimu hiyo ni faida tupu. Mkono usio na nguvu sawa kwenye kila pigo unafichwa, kwa kuwa piki inapinda zaidi unapopiga kwa nguvu na inapinda kidogo unapopiga taratibu. Nyuzi sita zinatoka zikiwa zinalingana. Na ile "chak" inafanya kazi ya kayamba pale ambapo kwaya haina ngoma.

Hasara yake inajitokeza ukianza solo. Kila pigo lina kuchelewa kidogo, kwa sababu piki lazima ipinde, iachie, ijinyooshe, ndipo irudi juu. Kwenye mwendo wa taratibu huoni kitu. Kwenye sebene, ambako mkono wa kulia unakwenda chini na juu bila kupumzika, ule upindaji unajilimbikiza hadi unahisi kidole kiko mbele na sauti iko nyuma. Wengi wanadhani mkono wao ni mzito, kumbe wameshika plastiki nyepesi. Ukipanda hadi 0.88, 1.00 au zaidi, piki haipindi kiasi cha kukusumbua. Unachofanya kwa kifundo cha mkono kinafika kwenye uzi hivyohivyo.

Kinafika hivyohivyo, pamoja na makosa yako. Piki ya milimita 1.5 haina huruma na mkono uliokakamaa. Inanasa kwenye uzi wa tatu, inaruka wa pili, na ukikung'uta kordi nayo kwa hasira utakata uzi wa kwanza katikati ya ibada. Ndiyo maana sipendi kumpa anayeanza piki nene sana, na pia sipendi kumwacha mwaka mzima na ile karatasi ya plastiki iliyokuja bure ndani ya mfuko wa gitaa. Ya kwanza inamkatisha tamaa. Ya pili inamfundisha kupiga kwa nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, na tabia hiyo haimtoki kirahisi baadaye.

Kwa makadirio: kukung'uta kordi kwenye gitaa kavu, 0.50 hadi 0.73. Solo kwenye gitaa la umeme, 0.88 hadi 1.4. Besi, wapigaji wengi hutumia vidole, na anayetaka piki achukue nene na kubwa. Lakini hali ya kwaya nyingi za huku, ziwe za Moravian, KKKT, Katoliki au za walokole, ni kwamba mpiga gitaa mmoja anabeba kazi mbili. Kwenye beti anakung'uta kordi chini ya sauti. Kiitikio kikiisha, kila mtu anamgeukia yeye kwa solo. Huyo hana sekunde ya kubadilisha piki. Ningemwambia achukue 0.73 au 0.88, kisha atumie mabega ya piki, jambo linalotuleta kwenye ncha.

Ncha na mabega

Chukua piki ya kawaida uliyo nayo. Piga uzi wa pili kwa ncha, kisha igeuze upige kwa bega, ile kona butu ya juu. Ni piki ileile, unene uleule, malighafi ileile, lakini sauti mbili tofauti. Ya ncha inang'aa na inakata. Ya bega ni nzito, ya mviringo, imepungua makali.

Sababu yake ni hii. Uzi ukitikisika hautoi sauti moja. Unatoa sauti ya msingi pamoja na sauti nyingine nyingi za juu zinazopanda juu yake, na wingi wa hizo za juu ndio unaofanya sauti ing'ae. Ukiuvuta uzi kwa ncha nyembamba unapinda kwa kona kali, na kona kali inaamsha sauti nyingi za juu. Ukiuvuta kwa ukingo mpana, kona inalainika na zile sauti za juu zinapungua. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya gitaa ling'ae ukipigia karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, na lilainike ukisogea kuelekea shingo.

Kwa hiyo mpiga gitaa wa kwaya wa 0.88 anaweza kukung'uta beti kwa bega, sauti ikae chini ya waimbaji, kisha solo ikifika anaizungusha piki kwa kidole gumba na kupiga kwa ncha. Inahitaji mazoezi, lakini ni bure, na inaondoa nusu ya sababu za watu kununua piki mpya.

Umbo tunaloliita la kawaida, pembetatu yenye mabega ya mviringo, wauzaji wanalijua kwa namba 351. Namba hiyo imetoka kwenye orodha ya D'Andrea, kampuni ya New York ambayo mwanzilishi wake, Luigi D'Andrea, alianza kukata piki za seluloidi, plastiki ya zamani, mwaka 1922. Katika orodha hiyohiyo, 346 ni pembetatu kubwa yenye kona tatu zinazofanana. Wapiga besi wanaipenda kwa ukubwa wake, na mimi naipenda kwa uchumi: ncha moja ikiisha unageuza, unabaki na mbili. Upande wa pili kabisa kuna Jazz III ya Dunlop, ndogo, ya nailoni ya milimita 1.38, yenye ncha kali. Mpiga gitaa Eric Johnson wa Marekani anajulikana kwa kuitumia. Udogo wake unalazimisha vidole vikae karibu na uzi, hivyo mkono unapunguza safari zisizo za lazima. Wenye vidole vinene huidondosha wiki nzima ya kwanza. Wengine hawaizoei kamwe, na hakuna ubaya.

Kitu kinachosahaulika ni mchongo wa ukingo. Piki iliyokatwa tu na kuachwa na kona ya mraba inakwaruza nyuzi za besi zilizozungushiwa waya. Unasikia "shrr" kabla ya kila noti. Piki iliyochongwa mshazari na kung'arishwa inateleza. Ukilalamikia sauti ya piki mpya ya bei rahisi, mara nyingi tatizo liko kwenye ukingo huo, na msasa laini unalimaliza kwa dakika chache.

Sasa toa piki uliyoitumia miezi kadhaa uiangalie dirishani. Kwa anayeshika kwa mshazari, ncha imelika upande mmoja zaidi. Ukiilaza juu ya piki mpya ya aina hiyohiyo utaona pengo dogo la mwezi mwandamo. Upande uliolika una mikwaruzo myembamba sambamba, na mikwaruzo hiyo imeachwa na zile nyuzi zenye waya. Pitisha kucha hapo. Ikikwama, basi inakwama vilevile kwenye uzi. Ncha imekuwa butu, kwa hiyo sauti imefifia polepole bila wewe kujua, na huenda umeshaanza kulaumu nyuzi au amplifaya. Ikiwa imelika sawa pande zote, unashika piki bapa dhidi ya uzi, na hiyo nayo ni taarifa: mkono wako una nguvu, lakini piki nene itakunasa.

Malighafi: Kyela si Njombe

Kwa muda mrefu piki zilizosifiwa kuliko zote zilikuwa za gamba la ng'amba, yule kasa ambaye gamba lake pwani yetu iliuza ng'ambo kwa karne nyingi. Ni gumu, linateleza vizuri, na likilika linang'arika tena. Leo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na ni haki iwe hivyo. Ninalitaja kwa sababu plastiki karibu zote zilizofuata zilikuwa zinajaribu kuiga gamba hilo, ndiyo maana hadi leo piki nyingi zina madoadoa ya kahawia.

Seluloidi ndiyo iliyolirithi. Ina sauti nzuri yenye uhai, inashika uzi kidogo, lakini inalika upesi na inashika moto kirahisi mno. Mipira ya tenisi ya mezani ilikuwa ya seluloidi hadi mashindano ya kimataifa yalipoanza kuhamia plastiki nyingine mwaka 2014. Usijaribu kuinyoosha piki ya namna hiyo juu ya mshumaa wala jiko la mkaa.

Nailoni inapinda sana bila kuvunjika. Ya 0.73 inahisika nyembamba kuliko Tortex ya 0.73, kwa hiyo ukihama kutoka Tortex kwenda nailoni panda ngazi moja. Sauti yake ni laini. Tortex zenyewe ni za asetali, plastiki ileile inayotengenezewa gia ndogo ndani ya mashine kwa sababu inateleza na kurudi umbo lake. Uso wake mkavu kama una vumbi la chaki unashikika vizuri. Ultex, plastiki nyingine ya Dunlop, ni ngumu zaidi, sauti yake inang'aa, na inakaa muda mrefu. Juu ya hapo kuna piki za kuchonga kwa mkono zinazouzwa Marekani kwa zaidi ya dola 30 kipande kimoja. Huenda ni nzuri. Piki ni kitu kinachopotea chini ya kiti cha daladala, kwa hiyo sitaendelea na habari hiyo.

Huku kwetu hali ya hewa inaamua kuliko watu wanavyofikiri. Mtu anayepiga harusi Kyela, karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwenye joto na unyevu wa Ziwa Nyasa, vidole vyake vina jasho kabla ya wimbo wa pili. Piki ya seluloidi iliyong'arishwa inazunguka mkononi mwake kama sabuni. Huyo achukue asetali, au nailoni yenye vinundu vya kushikia, akijua kwamba nailoni hunyonya unyevu na kulegea kidogo. Mwenzake wa Njombe, karibu mita 2,000, akifanya mazoezi asubuhi ya Juni, hana jasho hata tone. Shida yake ni vidole vilivyokufa ganzi visivyohisi kama piki bado ipo. Piki kubwa na nene zaidi kidogo inamsaidia. Na akate kucha, maana kidole cha baridi kinashika kwa kucha badala ya nyama. Mbeya mjini tuko katikati, ila Julai usiku tunaungana na Njombe.

Ukikosa duka

Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na si kila mwezi kuna mtu wa kumwagiza. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa kuliko vitu vingine vingi. Unene wake umewekwa na kiwango cha kimataifa, milimita 0.76, kati ya Tortex ya njano na ya kijani. Kadi kubwa inayobeba laini ya simu kwa kawaida nayo ni ya ukubwa huo. Chora umbo la piki yako ya zamani kwa kalamu ya wino, mbali na chipu na mbali na namba zilizoinuka, kisha kata kwa mkasi nje kidogo ya mstari. Usikate kona kwa mkupuo mmoja. Plastiki inapasuka tabaka. Fikisha kwenye mstari kwa tupa ya kucha, chonga ukingo mshazari pande zote mbili, pitisha msasa laini wa maji, malizia kwa kuisugua kwenye suruali ya jinzi mpaka isikwame kwenye kitambaa. Sauti yake ina "tak" kavu, na ncha italika mapema. Kwa ridhimu inatosha kabisa. Mabaki ya kadi yakate vipande vidogo kabla ya kuyatupa.

Rula ya shule inavunjika. Dumu la mafuta ni laini mno, linapinda na kubaki hivyohivyo. Santuri ya CD ina milimita 1.2 na inajaribiwa sana, lakini ikipasuka inatoa vipande vyenye makali, mimi siigusi.

Kinachostahili majaribio hapa nyanda za juu ni pembe ya ng'ombe. Pembe, kucha na gamba la ng'amba zote ni za jamii moja ya protini, keratini, na ndiyo maana pembe inaukaribia utelezi wa gamba kuliko plastiki nyingi. Buchani pembe hutupwa. Ukikata kipande chembamba na kukichemsha kinalainika, unakibana kati ya mbao mbili hadi kipoe kikiwa bapa, ndipo unachonga. Fanya nje, funika pua, na usimuulize jirani kuhusu harufu. Acha milimita 1.5 au zaidi, kwa sababu ikiwa nyembamba inachanika kufuata nyuzinyuzi zake.

Na wapo wasiohitaji piki kabisa. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga huko Kongo, ng'ambo tu ya Zambia kutoka hapa Tunduma, alijenga mtindo mzima kwa kidole gumba na cha shahada. Brian May wa Uingereza anapiga kwa sarafu ya chuma, ile ya zamani ya peni sita, na anaupenda mkwaruzo wa ukingo wake. Kwake kasoro tuliyoipigia msasa hapo juu ndiyo sauti yenyewe.

Namna ya kuagiza

Usiagize aina sita za malighafi kwa mara moja. Ukipenda mojawapo hutajua umependa unene, ncha au plastiki. Agiza malighafi moja na umbo moja katika unene tatu. Kwa mpiga gitaa wa kwaya ningeandika ujumbe hivi: "Umbo 351, Tortex, 0.60, 0.73 na 0.88, mbilimbili." Piga nyimbo zako za kawaida kwa kila moja mpaka mkono uzoee, kisha baki na unene mmoja na ndipo ulinganishe nailoni au Ultex ya unene huohuo. Kama uliyemwagiza anakuambia kwamba hizo hazipo ila kuna "zinazofanana", mwambie asome namba iliyochapwa juu yake. Kama haina namba, aiweke kando ya kadi yake ya benki na akuambie ni nene kuliko kadi au nyembamba.